Masaa Nane na Nusu Hadi London

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya Jiografia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, chuo kikuu hakikuniita, na nilikuwa nimekaa nyumbani Dodoma miezi minane nikichambua mchele wa mama yangu mpaka nikawa nazijua chuya kwa sura. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye baba yake na babu yake waliuza nguo na chumvi katika duka lile lile karibu na soko, alipoamua kufungua ofisi ya kukatisha tikiti za ndege.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Kila mtu alikuwa anafungua kitu. Mwenye chumba cha mbele alifungua duka la mitumba, mwenye friji aliuza barafu, na bosi wangu, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, akafungua uwakala wa safari za anga. Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu.

"Jiografia ulipata nini?"

"B."

"Njoo Jumatatu."

Ofisi ilikuwa ni lile duka la babu yake lililokatwa katikati kwa mbao laini. Upande wa pili mkewe aliendelea kuuza vitenge, na mara nyingi watu walioingia kwangu walikuwa wamekosea mlango. Nilikuwa na meza, kalenda yenye picha ya ndege, kitabu kinene cha ratiba ambazo nusu yazo zilikuwa zimeshabadilika, na tufe la dunia ambalo bosi alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Katika tufe hilo Dodoma haikuwepo. Tanzania ilikuwepo, Dar es Salaam ilikuwepo, hata Tabora ilikuwepo, lakini makao makuu ya nchi hayakuwepo. Bosi alilichukua jambo hilo kama tusi. Alichukua kalamu nyekundu akaiweka Dodoma mwenyewe, na kwa hasira aliyokuwa nayo akaweka nukta kubwa iliyoanzia Singida ikaishia karibu na Morogoro.

Baada ya wiki mbili tuligundua kwamba watu wa Dodoma hawakuwa na haja ya tikiti. Walikuwa na haja ya kuuliza. Waliingia watumishi wa serikali, walimu, wauza ng'ombe waliotoka mnadani, na wote walitaka kujua jambo moja: kutoka hapa mpaka mahali fulani ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani. Hapa mpaka Maka. Hapa mpaka Amerika. Mzee mmoja aliuliza hapa mpaka mbinguni, nikamwelekeza kanisani. Mimi nilitaka kuwaambia sijui, lakini bosi alikuwa ameweka sharti.

"Neno 'sijui' linauzwa bure mtaani," alisema. "Hapa ni ofisi. Mtu akiuliza, pima."

Kwa hiyo nilipima. Nilichukua uzi mweusi kutoka upande wa vitenge, nikashika ncha moja kwenye nukta nyekundu na kuunyoosha mpaka mji wa mteja, kisha nikauweka kwenye rula. Nilikuwa nimekokotoa kwamba sentimita moja ya tufe lile ni kama kilometa mia nne na ishirini na tano. Kisha nilichukulia kwamba ndege kubwa inakwenda kilometa mia nane na hamsini kwa saa. Hesabu zote nilifanya mbele ya mteja, kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri. Watu walipenda sana. Waliondoka na karatasi wameikunja mfukoni kama cheti cha hospitali, na hawakununua kitu.

Siku moja asubuhi akaingia mama mmoja wa makamo ya bibi, amejifunga kitenge kipya na sweta la kijani. Nilidhani naye amekosea mlango.

"Shikamoo mama. Vitenge ni upande wa pili."

"Marahaba. Ninacho kitenge. Wewe ndiye binti anayepima dunia kwa uzi?"

Nilikubali, kwa aibu kidogo. Akaketi. Alikuwa Mgogo wa Makutupora, mkulima wa zabibu, mjane. Alisema hivyo vyote kwa pumzi moja, kama mtu anayejaza fomu. Kisha akasema ana mtoto wa kiume London.

"Ameondoka miaka kumi na moja. Alipelekwa kusoma ufundi. Anaandika barua, anatuma picha, anatuma na hela za dawa ya mizabibu, Mungu ambariki. Lakini kila nikimwambia njoo, ananijibu, mama, huku ni mbali. Sasa mimi nataka kujua. Mbali ni wapi?"

Nikanyoosha uzi. Sentimita kumi na saba. Nikazidisha, nikagawanya, nikapiga mstari chini ya jibu.

"Ni kilometa elfu saba na mia mbili na ushee, mama."

Hilo halikumgusa. Kilometa kwake zilikuwa kitu cha serikali.

"Ni muda gani?"

"Kama ndege ingeruka kutoka hapa moja kwa moja, masaa nane na nusu."

Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akituchapa tukisema "masaa". Nawaza mpaka leo kwamba hakuwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya ndege, kwa sababu hata baada ya kusema masaa, yule mama aligeuka kuangalia jua nje.

"Saa nane na nusu hii ya leo mchana?"

"Hapana, mama. Si saa ya kuondoka. Ni muda wa kukaa ndani. Ukitoka asubuhi saa moja, unahesabu masaa nane na nusu, unashuka saa tisa na nusu alasiri."

Nikaona midomo yake inahesabu.

"Saa tisa na nusu, ng'ombe hawajarudi zizini."

"Bado, mama."

"Ya siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Binti, mimi nina dada yangu Kibakwe. Nikitoka Makutupora kwenda kwa dada yangu nalala Mpwapwa. Nafika siku ya pili, miguu imevimba. Na kila mwaka nakwenda." Akainuka kitini. "Treni ya kwenda Dar es Salaam ni masaa mangapi?"

"Kumi na mbili. Kumi na nne. Inategemea."

"Kwa hiyo London iko karibu kuliko Dar es Salaam!"

Nikafungua mdomo kumweleza tofauti ya umbali na muda. Bosi, ambaye alikuwa anasikiliza kutoka upande wa vitenge, alitokeza kichwa akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, "Wallahi, ni kweli."

"Mtoto amenidanganya miaka kumi na moja," alisema yule mama, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Andika barua."

Nilimwambia hatuandiki barua, sisi ni ofisi ya tikiti. Bosi akanikatiza. Alisema huyu ni mteja na barua itaandikwa, tena kwenye karatasi ya ofisi yenye kichwa. Alikuwa amechapisha karatasi hizo mia tano na tulikuwa tumetumia nne. Basi mama akasema maneno yake, bosi akasimama nyuma yangu akisahihisha lugha, na ilipokwisha barua ilikuwa na kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: YAH: UMBALI KATI YA DODOMA NA LONDON. Ilianza kwa kusema kwamba ofisi imepima kitaalamu na kuthibitisha kuwa safari ni ya masaa nane na nusu tu. Iliendelea kusema kwamba mama yako anauliza ni sababu gani nyingine uliyonayo. Ilimalizia kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", kwa sababu bosi alikuwa bado hajazoea kwamba mambo yamebadilika. Kisha akaipiga muhuri. Mara mbili.

Baadaye sana nilikuja kusikia jinsi ilivyopokelewa. Yule mtoto alipoona bahasha ya ofisi kutoka Dodoma, ina muhuri, alikaa kwenye ngazi. Alidhani mama yake amefariki. Alikaa na bahasha ile siku nzima bila kuifungua. Alipoifungua na kusoma YAH, alicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akalia.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Alisema kwa sasa hawezi kupata ruhusa, lakini kama mama anaona ni karibu, basi aje yeye. Angetuma tikiti.

Yule mama aliniletea barua nimsomee, ingawa alikuwa anajua kusoma vizuri sana. Nadhani alitaka kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Nilipofika kwenye "aje yeye" alinyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja, akaitia kwenye sweta.

"Sawa," alisema. "Naenda."

Pasipoti na viza vilichukua karibu nusu mwaka na sitaki kuvikumbuka. Nitasema tu kwamba kwenye sehemu ya kazi aliandika "mkulima wa zabibu", na karani mmoja alipotaka kumbadilishia iwe "mama wa nyumbani", alimwuliza kama nyumbani kwao zabibu zinaota sebuleni.

Tikiti ilifika kwa posta ya rejesta. Ilikuwa kijitabu chembamba chenye karatasi za kaboni nyekundu. Bosi alinawa mikono kabla ya kuishika. Ndiyo tikiti ya kwanza ya Ulaya kuingia ofisini kwetu, na hatukuwa tumeiuza sisi, lakini aliiweka mezani wiki nzima ili wateja waione.

Kazi ya kuisoma ilikuwa yangu, na hapo ndipo nilipoumbuka. Kutoka Dar es Salaam ndege ingeondoka saa tatu kamili asubuhi. Kufika London, saa kumi jioni. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Masaa saba.

Mama alikuwa anahesabu pia.

"Ulisema nane na nusu."

"Nilisema, mama."

"Na Dar es Salaam ni mbele zaidi ya hapa au nyuma?"

Dar es Salaam haikuwa mbele wala nyuma kiasi cha kuleta saa moja na nusu. Nikafungua ukurasa wa kurudi ili nipate kitu cha kunisaidia, nikakuta balaa kubwa zaidi. Kutoka London saa nne asubuhi, kufika Dar es Salaam saa nne na nusu usiku. Masaa kumi na mbili na nusu.

Upande wa pili tulisikia mkasi wa mke wa bosi ukikata kitenge.

"Kwenda ni saba," alisema mama polepole, "na kurudi ni kumi na mbili na nusu."

"Kwenye karatasi, mama, lakini..."

"Basi ndiyo maana hawarudi!"

Bosi alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho. Mimi sikucheka. B yangu ilikuwa hatarini. Nilikwenda nyumbani nikafukua madaftari, na usiku ule nikakumbuka longitudo, na jua, na kwamba saa za London ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu. Asubuhi mama aliporudi nilimweleza kwa tufe na tochi. Ukiongeza yale matatu, kwenda ni masaa kumi. Ukiyatoa, kurudi ni tisa na nusu. Ile nane na nusu yangu ilikuwa ya ndege ya kufikirika, iliyoruka Dodoma bila kukata kona wala kupunguza mwendo.

Alisikiliza vizuri, akaangalia tochi inavyopita juu ya Afrika halafu Ulaya.

"Yaani sisi tukishakunywa chai wao bado wamelala."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ungesema toka mwanzo. Hizo longitudo zako zinachanganya watu."

Wiki moja kabla ya safari alikuja tena, na safari hii amenuna. Nilikuwa nimemwandikia kwamba mzigo usizidi kilo ishirini. Akaniambia amepanda kwenye mizani ya kupimia zabibu, mbele ya watu, na yeye peke yake bila hata viatu ni kilo hamsini na nane.

"Sasa nitapunguzwa wapi?"

Nilipomweleza kwamba kilo ishirini ni za sanduku tu, yeye hapimwi, alishusha pumzi. Alikuwa ameacha ugali siku tatu.

Bosi aliamua nimsindikize mpaka Dar es Salaam. Alisema mteja wetu wa kwanza wa Ulaya hawezi kupotelea njiani, na kwamba mimi ni mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe sikuwahi kufika uwanja wowote wa ndege zaidi ya ule wetu wa Dodoma, ambao siku hizo mbuzi waliuvuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Lakini nilifurahi. Tulikata tikiti ya treni ya siku tatu kabla ya ndege, kwa usalama.

Treni iliyotakiwa kupita Dodoma asubuhi ilipita adhuhuri. Tukakaa dirishani, sanduku chini ya miguu, na kapu la chakula kati yetu. Tulipofika Gulwe ikasimama. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele kidogo, na mafundi walikuwa wanasubiri kokoto zitoke mahali fulani. Hakuna aliyejua ni lini.

Wauzaji wa mahindi na ndizi wakaja madirishani. Mama akamtambua mmoja kwa lafudhi, akamwuliza kwao wapi. Kibakwe. Karibu amvute mtu yule ndani kupitia dirishani kwa furaha, akamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa! Unamfahamu dada yangu, yule mwenye nyumba ya bati chini ya kilima, karibu na kisima? Mwambie naenda London. Mwambie nimeshafika Gulwe!"

Yule mwuza mahindi alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema atafikisha.

Kuanzia hapo behewa zima likajua. Na mama, ambaye sasa alikuwa na saa ya mkononi aliyoazimwa na shemeji yake, akaanza kutangaza. Tulipokuwa tumesimama masaa matatu alisema, "Ndege sasa ingekuwa juu ya jangwa." Baada ya masaa saba, "Wanaanza kuona bahari ile nyingine." Alikuwa amejifunza kwenye tufe langu. Mwalimu mmoja aliyekaa mbele yetu akaanza kumsaidia na majina ya nchi. Usiku ulipokuwa mwingi, na kokoto bado hazijafika, mtu mmoja wa behewa la jirani alipita akauliza, "Jamani, tuko wapi?" Watu kama ishirini wakamjibu kwa pamoja, "London!"

Tuliondoka Gulwe alfajiri. Mpaka kushuka Dar es Salaam tulikuwa tumetumia masaa ishirini na sita toka Dodoma. Kwa hesabu ya mama angekuwa amekwenda London, amemsalimia mtoto, amekula, amerudi, na amebakiwa na muda wa kufua. Tulilala kwa dada yake bosi, ambaye alitupokea bila swali, na siku mbili hatukufanya kitu ila kuoga na kuangalia sanduku.

Uwanjani, ofisa wa ukaguzi alifungua sanduku akakuta mifuko mitatu ya unga wa kijani. Alinyanyua mmoja mbele ya taa. Niliona uso wake unabadilika.

"Nini hii?"

"Majani," alisema mama.

Sikuwahi kumwona mtu akijimaliza kwa neno moja namna ile, maana kwa watu wa mjini majani ni bangi. Niliruka kusema ni mboga, ni mlenda, umekaushwa na kutwangwa, sisi kwetu tunakula. Ofisa akafungua mfuko, akatia pua. Akafumba macho.

"Mlenda wa Dodoma," alisema taratibu. Kisha akafungua macho. "Mama, huyu mtoto wako ana bahati. Mimi nina miaka minne sijala." Tuliondoka pale na mifuko miwili na nusu.

Nilipanda juu, mahali pa wasindikizaji. Ndipo nilipoiona ndege kubwa kwa mara ya kwanza, na nakiri kwamba mimi niliyekuwa nimewaambia watu mia mbili inakwenda kilometa mia nane na hamsini kwa saa, sikuamini kwamba kitu kile kingeinuka. Abiria walitembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Sweta la kijani nililiona vizuri. Alipofika katikati ya ngazi akageuka, akasimamisha foleni yote ya nyuma, akaniita kwa mikono miwili na kupiga kelele maneno ambayo upepo uliyachukua. Nilipunga mkono mpaka ukaniuma. Nililia pia, na sijui nilikuwa nalilia nini, kwa sababu hakuwa mama yangu.

Alikaa London miezi miwili. Aliporudi alikuja ofisini siku ya pili yake, hata uvimbe wa miguu haujapungua. Bosi alikuwa amepanga kumweka pale kama tangazo, awaeleze wateja. Aliagiza soda na sambusa. Mama akala sambusa tatu, kisha akamwomba bosi, kwa heshima, atuache kidogo.

Aliniambia kwamba alipokuwa kwenye ngazi alikuwa ananiambia nimtumie dada yake salamu kwamba ametoka Gulwe. Aliniambia ndege ni kama kukaa kanisani siku ya ubatizo wa watoto wengi. Kisha akaniambia habari za mtoto wake.

Hakuwa fundi. Chuo kilimshinda mwaka wa pili, akaogopa kuandika, akatafuta kazi. Alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, mchana, na jioni anafagia ofisi za watu. Alikuwa na mke waliyeachana na binti wa miaka sita. Mama alipofika alimficha yote kwa siku nne: alivaa suti asubuhi, akaondoka nayo, akabadilisha huko huko kazini. Siku ya tano alisinzia mezani na kijiko mdomoni, na mama akakiona kitambulisho chake cha hospitali kinaning'inia mfukoni.

"Ukafanyaje?" nilimwuliza.

"Nilimtoa kijiko." Alifikiri kidogo. "Alipoamka nilimwuliza, vitanda vyenyewe vina magurudumu? Akasema vina. Nikamwambia, baba yako alisukuma ng'ombe maisha yake yote, na ng'ombe hawana magurudumu. Akalia. Na mimi nikajifanya natafuta miwani."

"Lakini mama, wewe huvai miwani."

"Yeye hajui. Miaka zaidi ya kumi na moja alikuwa hajaniona."

Alimwambia aje zabibu zikiiva, na aje na mtoto.

Walikuja Agosti. Bosi ndiye aliyekwenda kuwapokea stendi ya mabasi kwa pikapu yake, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kwa sababu aliona safari nzima ni kazi ya ofisi yake. Mimi nilikaa nyuma na mizigo. Yule mtoto wa kiume alikuwa mtu mzima mnene kidogo, mwenye mvi mbili tatu, na njia yote ya kwenda Makutupora nilimsikia kwa mbele akimwuliza bosi maswali ya haraka haraka: mama ana hasira? Amesema nini? Watu wanajua? Bosi, ambaye hakujua chochote, alijibu kila swali kwa kusema, "Karibu nyumbani."

Kwa kweli mama alikuwa amejiandaa. Majirani waliniambia baadaye kwamba mwezi mzima alikuwa akilima huku anafanya mazoezi ya maneno ya kumgombeza, kwa sauti, mpaka wengine wakayajua kwa moyo na wakaja siku hiyo makusudi kuyasikia. Tulimkuta shambani, ameinama katikati ya mistari ya mizabibu na mkasi mkononi. Watu waliokuwa wanavuna wakasimama. Mtoto wake akashuka kwenye pikapu na koti lake, akatembea mpaka mwanzo wa mstari, akashindwa kuendelea.

"Shikamoo mama."

Mama alimtazama. Mdomo ukafunguka, akaufumba. Akamtazama yule binti mdogo aliyekuwa ameshika suruali ya baba yake, anaangalia zabibu kama mtu anayeona taa za sikukuu. Halafu akanyoosha ule mkasi.

"Marahaba. Umechelewa. Wenzako wako mstari wa tatu."

Mtoto wake akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akalitundika kwenye mzabibu, akaambiwa asitundike kwenye mzabibu, akanipa mimi. Kisha akaanza kukata. Alikuwa amesahau; alikata shada la kwanza bila kikonyo, zikamwagika zote chini, na jirani mmoja mwanamke akacheka, na baada ya hapo kila mtu akacheka na kurudi kazini. Binti aliketi juu ya kreti akala zabibu mpaka kidevu chake kikawa zambarau. Bibi yake alimfundisha kusema "mbukwa", na yeye akawa anamsalimia kila aliyepita, pamoja na mbwa.

Mimi na bosi tulisema tutakaa dakika tano. Mtu akampa bosi ndoo ili aishike tu, na kwa kuwa ni mtu wa heshima hakuweza kuiweka chini, akajikuta yuko mstari wa tano. Tulivuna mpaka jua likaegemea. Tulirudi mjini yeye kanzu ina madoa kutoka kifuani mpaka magotini, mimi nimepakata ndoo mbili, na njia nzima alikuwa anajaribu kutunga atakachomwambia mkewe.

"Sema ulianguka," nilimshauri.

"Juu ya nini, shamba zima?"